Masika Niliyojifunza Kutandika Kitanda

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi kwa vishindo, na mimi nimeanza kuandika. Daftari ni la binti yangu mkubwa. Alilitumia kurasa mbili za hesabu akalitupa chini ya kitanda. Sababu ni hii: ile hoteli mpya ya ghorofa nne inatafuta wahudumu wa vyumba, na tangazo linasema barua ya maombi iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Jana nilipokaa kuiandika, mkono ulinigomea. Miaka kumi na minne sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni. Herufi zilikuwa zinayumba kama zimetoka kilabuni. Basi nimejiwekea sharti: kila siku watoto wakishakula mchana, naandika angalau mstari mmoja mpaka mkono urudi.

Nina miaka thelathini na sita, watoto watatu, mume fundi wa mafriji. Sijawahi kuajiriwa hata kwa siku moja.

Jumatano, 5 Machi

Barua imekwenda. Nimeiandika mara sita.

Jumamosi, 8 Machi

Ukuta wa chumba alichopanga wifi yangu umeanguka kwa mvua. Hakuumia. Mume wangu amemleta saa nne asubuhi, na mabegi mawili na godoro lililolowa. "Ni kwa wiki moja tu," ameniambia, huku anakagua kitasa cha mlango kana kwamba hajawahi kukiona.

Huyu ni dada yake mkubwa, na kila mtu katika ukoo anamwogopa. Amefanya kazi ya kusafisha vyumba hotelini miaka kumi na tisa, akaacha mwaka jana. "Nimeamua kupumzika," ndivyo alivyotuambia. Amepewa kitanda cha chini katika chumba cha watoto. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshahamisha sufuria zangu kutoka rafu ya juu kwenda ya chini. Akasimama katikati ya sebule, akageuza shingo taratibu, akasema, "Kumbe wifi ndivyo mnavyoishi."

Wiki ina siku saba.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Wifi hajanyanyua ndoo tangu aje. Anakaa kwenye kiti kama bibi harusi, na kazi yake ni kuwatuma watoto: leta maji, inua hiki, okota kile. Yeye anapumzika, mdomo wake haupumziki.

Ijumaa, 14 Machi

NIMEITWA! Usaili ni tarehe 24 Aprili, saa tatu asubuhi. Mume wangu amecheza kwenye tope mbele ya karakana yake mpaka ndala moja ikapotea.

Wifi aliisoma barua ya wito mara mbili, akairudisha kwenye bahasha.

"Unajua kutandika kitanda?"

"Wifi, nina watoto watatu na mume. Nyumba hii ina vitanda vinne."

"Sijakuuliza una vitanda vingapi."

Akaingia chumbani kwangu bila kubisha, akalichomoa shuka kwa mkupuo mmoja, akapiga magoti. Akiwa amepiga magoti vile vile akazunguka kitanda kizima. Shuka lilitii. Sijui niseme vipi. Lilikwenda alikotaka liende. Pembe zilikunjwa kama bahasha, na pale juu pakawa pametulia kama maji kwenye karai. Halafu akalichomoa tena, akanirushia.

Nimetandika mara kumi na moja. Ya kumi na moja akasema, "Sasa angalau mtu anaweza kulala humo akiwa amelewa."

Jumatano, 19 Machi

Wiki moja ya mume wangu iliisha siku nne zilizopita. Hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Sasa kila siku baada ya chai ya asubuhi kuna mazoezi. Wifi anakaa mezani, mimi natoka nje, nabisha, naingia, nasalimia, nangoja niambiwe kukaa. Jana alinitoa mara tisa. "Unaingia kama unakuja kukopa chumvi. Toka." Binti yangu wa pili alicheka mpaka akaishiwa pumzi.

Leo tumefika kwenye maswali.

"Miaka yote hii umekuwa ukifanya nini?"

"Nimekaa nyumbani tu."

Akatua kikombe mezani.

"Hilo 'tu' umelitoa wapi?"

"Ndivyo watu wanavyosema."

"Mlezi wa watoto watatu. Mpishi. Mfuaji. Muuguzi wa mama yako miaka mitatu mpaka anafariki, mimi si nilikuwa nakuona? Ulikuwa unamgeuza kila saa, hakupata kidonda hata kimoja mgongoni. Halafu unakuja kuniambia 'tu'. Lifute. Nikilisikia tena hapa ndani utapika bila mimi kula."

Sikujua kwamba alikuwa ananiona. Siku zile alikuwa anakuja, anakagua shuka la mama, anaondoka, na mimi nilidhani anatafuta kosa.

Alhamisi, 27 Machi

Mfereji umefurika na karakana ya mume wangu imejaa maji hadi magotini. Mafriji matatu ya wateja yalikuwa yamefunguliwa sakafuni, mota ziko nje. Zote zimeharibika. Nilimkuta amekaa juu ya kreti, anakausha bisibisi moja moja kwa fulana yake. Nikakaa naye, nami nikachukua bisibisi.

Mpaka jana usaili ulikuwa wa kujaribu bahati. Leo umekuwa kitu kingine.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimetandika mara ishirini na mbili. Magoti yanawaka.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sijui nilionee fahari au haya. Nilikuwa natoka bombani na ndoo mbili, nimelowa chapachapa, nimechoka, na wifi mlangoni akasema, "Miguu, wifi, miguu! Sakafu imepigwa deki." Nikalipuka.

"Imepigwa deki na nani? Wewe unayeamrisha kutwa, mbona hunyanyui hata ndoo moja?"

Watoto wakaganda. Wifi akanitazama, akasema polepole, "Hilo ni kweli." Akachukua kanga akajifunga kiunoni, akakaza sana, akatoka kwenye mvua. Akarudi na ndoo imejaa. Akaitua jikoni. Hakumwaga hata tone. Kisha akaenda kulala, saa saba mchana.

Moyoni nilisema: leo nimempata.

Jumanne, 15 Aprili

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Wifi ana rafiki aliyefanya naye kazi zamani, siku hizi ana nyumba ya wageni ya vyumba vinane karibu na hospitali kubwa. Wifi alimwomba nikafanye mazoezi kwenye vyumba halisi. "Kitanda cha nyumbani kinakujua," aliniambia. "Hotelini unakutana na kitanda cha mtu asiyekujua."

Tulianza saa mbili asubuhi. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Wifi alisimama mlangoni akiongea, mimi nikifanya. Nilikuwa nimekwisha zoea. Tulipokuwa kwenye chumba cha nne akanyamaza katikati ya sentensi, akatega sikio. Nikamuuliza kuna nini, akasema endelea. Tukamaliza cha tano. Mlango wa sita ulikuwa umefungwa. Mwenye nyumba alikuwa ametuambia humo kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amekuja kupimwa macho, na anapenda kuchelewa kuamka.

"Tumruke," nikasema. "Bado amelala."

"Aliyelala hafungui bomba," akasema wifi. "Maji yanatiririka humo tangu tukiwa chumba cha nne."

Akabisha mara tatu, akaeleza kwa sauti ya kawaida sisi ni nani. Akangoja. Akabisha tena. Ndipo akaniambia nikachukue ufunguo wa akiba, "na usikimbie, utawatisha wageni."

Kitanda kilikuwa kitupu. Mlango wa bafu ulikuwa wazi nusu. Mimi nilikuwa mbele, nikaona mguu wa mtu sakafuni, nikafungua kinywa kupiga kelele. Mkono wa wifi ukanishika bega, ukanirudisha nyuma kama pazia. Akachukua taulo kubwa kitandani. Akaingia akiwa ameangalia ukutani, akalitandaza taulo kwa kupapasa, na hakugeuza uso mpaka alipohakikisha limefunika.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Tusamehe, leo tumechelewa kufika."

Tumechelewa! Kana kwamba kosa ni letu. Mzee alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya maji, midomo imekuwa ya kijivu, uchi wa mnyama, amekaa hivyo sijui muda gani. Akafumba macho. Akasema, "Marahaba, mwanangu," na machozi yakamtoka.

Nilitaka tumwinue. Wifi akakataa, aliona jinsi mguu ulivyopinda nje. Akafunga bomba. Akanituma kwa mwenye nyumba akaite gari la hospitali, kisha nilete blanketi na mto. Nilipomletea akaviweka mwenyewe, kidogo kidogo, akimwambia mzee kila anachofanya kabla ya kukifanya: sasa nainua kichwa, sasa naleta mto, sasa namalizia. Kisha akapiga magoti kwenye ile sakafu ya maji, akamshika mkono, wakaanza kuzungumza. Gari lilichukua zaidi ya nusu saa kwa sababu ya mafuriko. Muda wote huo hakuinuka. Alimuuliza alikuwa anafundisha somo gani. Historia. Wanafunzi wa siku hizi na wa zamani, wepi wakorofi zaidi? Wa zamani, akasema mzee, kwa sababu walikuwa wanasoma kwanza ndipo wanakorofisha. Wakacheka! Mtu amevunjika nyonga, yuko sakafuni bafuni, na anacheka.

Tuliposikia gari, wifi akasema, "Mwalimu, watu wanaingia. Tuvae shati." Akamvika kwa subira, mkono mmoja kisha mwingine, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Akamchana nywele kwa kitana chake mwenyewe. Wale wauguzi walipoingia hawakukuta kizee kilichoanguka uchi. Walimkuta mwalimu mstaafu aliyejiumiza nyonga, amefunikwa blanketi safi, na mmoja wao alimsalimia kwa heshima kabla hajamgusa.

Mimi nilisimama mlangoni na machozi yangu. Nilidhani kazi hii ni mashuka.

Walipoondoka naye wifi akasema, "Piga deki humu. Kitanda kitandike vizuri, ndugu zake watakuja kuchukua vitu, wasikute fujo." Nikafanya. Nilipomaliza yeye bado alikuwa amepiga magoti pale pale bafuni.

"Wifi, twende."

"Siwezi kuinuka," akasema.

Ndipo aliponiambia. Mgongo. Pingili mbili zimesagika, daktari alimwambia mwaka juzi. Hakuamua kupumzika, hotelini walimwambia mtu asiyeweza kugeuza godoro hana kazi pale, wakampa barua asubuhi, na mchana akarudisha sare. Hakumwambia hata mdogo wake. Yeye na mwenye nyumba ndio waliokuwa wanajua, na sasa mimi.

Nikaikumbuka ile ndoo.

Tulimwinua wawili, mimi na mwenye nyumba. Tulipokaribia nyumbani akaniambia, "Shuka la chumba cha tatu ulilivuta sana upande wa ukutani."

Jumatano, 16 Aprili

Wifi amelala kutwa, chupa ya maji moto mgongoni. Nilikwenda na uji, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasema, "Wifi, ile ndoo. Naomba unisamehe." Akasema, "Ndoo gani?" Akanywa uji. Kisha akasema hauna sukari.

Jumanne, 22 Aprili

Mwenye nyumba ya wageni amepita. Mwalimu amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri. Anamuulizia "yule binti wa taulo". Wifi ana miaka hamsini na nne. Amejifanya hakusikia, lakini nimemwona akijitazama kwenye kioo.

Mvua imepungua.

Alhamisi, 24 Aprili

Niliamka alfajiri. Mume wangu alikuwa ameshanipigia pasi sketi, na mstari wa pasi ulikuwa umepinda. Wifi akaipiga upya. Wakanisindikiza wote hadi kona. Binti mdogo akanishika mkono akasema, "Mama, usiingie kama unakopa chumvi."

Tulikuwa wengi, wengine wasichana wa miaka ishirini wenye vyeti kwenye mafaili ya plastiki. Mimi nilikuwa na bahasha moja.

Kwanza kitanda. Msimamizi wa vyumba, mama mwenye miwani na uso usiosema kitu, alisimama na saa. Godoro lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nikapiga magoti. Wenzangu walikuwa wanainama. Nilipomaliza alizunguka kitanda, akagusa pembe moja kwa kidole, akaandika.

Kisha chumba cha maswali: yule mama, meneja kijana mwenye tai, na bwana mmoja aliyekuwa anaandika bila kuinua kichwa.

"Umewahi kufanya kazi wapi?" akauliza meneja.

"Sijawahi kuajiriwa."

"Kwa hiyo miaka yote umekuwa...?"

"Nimekaa nyumbani..." Neno lilinifika ulimini. Nikalimeza. "Nimelea watoto watatu, na nimemuuguza mama yangu kitandani miaka mitatu. Hakupata kidonda."

Yule bwana akainua kichwa.

"Udhaifu wako ni upi?"

Wifi alinifundisha nisijisifu kwa mlango wa nyuma. "Naogopa simu," nikasema. "Ikilia, moyo unaruka. Nitajifunza."

Meneja akacheka, cheko la mtu aliyechoka kusikia uongo tangu asubuhi. Akauliza kama nina swali. Nilikuwa nimeandaa moja kuhusu sare. Lakini nilikuwa nimewatazama wale wasichana nje, na mimi mwenyewe, na vyumba vyote vile vipya, nikasikia kinywa changu kinasema:

"Sisi tutakaoajiriwa, nani atatufundisha?"

Wakatazamana. Yule mama akasema hilo bado wanalitafutia mtu.

Nikawaambia. Sikupanga. Nilianza na maji yaliyokuwa yanatiririka, nikafika kwenye taulo, nikafika kwenye shati na vifungo. Sikumtaja mzee ni nani wala nyumba ni ipi. Niliposema, "Akamwambia, tusamehe, leo tumechelewa kufika," yule mama alivua miwani akaifuta.

"Huyo mtu yuko wapi sasa?" akauliza.

"Yuko nyumbani kwangu," nikasema. "Ananikosoa."

Ijumaa, 25 Aprili

Nilipomweleza wifi nilidhani atafurahi. Alisimama ghafla mpaka akashika meza.

"Ulikwenda kuomba kazi yako au kuninadi mimi?"

"Nilisema ukweli."

"Umepoteza nafasi yako kwa kuongelea mtu mwingine! Na wakiniita nitakwenda kusema nini mimi?"

"Utajibu maswali, kama ulivyonifundisha."

Akakaa. Akaanza kukunja ncha ya kitambaa cha meza, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi sijawahi kufanya usaili," akasema. "Mimi niliingia kwa geti la nyuma. Mtu aliniuliza, una nguvu? Nikasema ninazo. Akanipa ndoo. Huo ndio usaili wangu."

"Na haya yote? Kubisha, kungoja, udhaifu, 'tu'?"

"Hotelini nilikuwa pia napeleka chai kwenye ukumbi wa usaili. Miaka kumi na tisa. Naingiza vikombe, nafuta meza taratibu, nasikiliza. Watu waliosoma walikuwa wanakosea, nami nasimama na trei moyoni nasema, jamani, huyu angejibu hivi." Akanitazama. "Majibu ninayo yote, wifi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali."

Nimekwenda nikamwekea chai, kikombe na kisahani chake, nikampelekea mezani alipokaa.

Ijumaa, 2 Mei

Simu ililia saa nne. Moyo uliruka. Nikapokea.

Nimepata. NIMEPATA. Na yule mama mwenye miwani akaongeza kwamba wanaomba kuonana na wifi yangu Jumanne.

Mume wangu amelia waziwazi, huku amekumbatia mota ya friji.

Jumatatu, 5 Mei

Jua kali. Wifi ametoka nje, akabisha, akaingia. Nilikuwa nimekaa mezani na kalamu. Sauti ilimtetemeka kwenye salamu. Huyu, anayetetemesha ukoo mzima. Nilimtoa mara mbili tu, kwa upendo, ingawa nilikuwa na deni la mara tisa.

Jumanne, 6 Mei

Nilimsubiri kwenye benchi nje ya geti. Geti la mbele. Mlinzi alitaka kumwelekeza la nyuma, wifi akamwonyesha barua, akasubiri mpaka asomewe jina na kufunguliwa.

Alikaa ndani saa nzima na zaidi. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutunga maneno ya kumpoza. Akatokea, mkoba kifuani, anatembea kwa ule mwendo wake wa kulinda mgongo, na uso hausemi kitu.

"Wameuliza udhaifu wangu," akasema akiketi. "Nikawaambia mgongo. Sikuficha. Nikawaambia siwezi kugeuza godoro wala kunyanyua ndoo."

"Wakasemaje?"

"Yule mwenye miwani akasema wanaogeuza magodoro wamepata thelathini. Wanataka mtu wa kusimama mlangoni na kuongea." Akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga, akakivaa. "Nimepewa kiti, wifi. Cha ofisini, kile kinachozunguka. Na wanafunzi thelathini."

Nilimkumbatia pale pale, mbele ya mlinzi. Aliniacha nifanye hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akanisukuma kidogo, akaninyoosha kola ya blauzi.

"Tunaanza Jumatatu, saa moja kamili. Na kuanzia ukivuka lile geti, usiniite wifi. Niite mwalimu."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

"Simama wima unapojibu."

Nikasimama wima.